KUKATIKA KWA INTANETI ISIYOTUMIA WAYA MAJUMBANI: SABABU ZAKE NA NAMNA YA KUZICHUNGUZA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanaotumia kompyuta majumbani kwa njia ya intaneti isiyotumia waya, ambayo wengi huiita waifai, wanatanabahishwa kwamba kukatika kwa intaneti hiyo mara kwa mara si jambo la kuvumiliwa kana kwamba ni mvua ya masika. Lina sababu zake, na nyingi kati ya sababu hizo zinaweza kuonekana na kuondolewa na mwenye nyumba mwenyewe, bila ya fundi na aghalabu bila ya gharama.

Madhara ya jambo hili si madogo. Mtumishi aliyechukua ripoti kuimalizia nyumbani hupoteza saa nzima ya usiku akiituma na kuituma tena. Mzazi anayemsaidia mwanawe kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufika ukurasa wa mwisho, intaneti ikapotea, na anapoirejesha hukuta mfumo umekwisha kumtoa na yote aliyoyajaza yamefutika. Nayo maombi ya namna hiyo yana siku yake ya kufungwa. Zaidi ya hayo kuna suala la fedha. Mtu asiyejua mahali lilipo kosa hununua kifurushi kikubwa zaidi, kisha ruta mpya, kisha kompyuta, na huenda kosa lenyewe lilikuwa ni adapta ya umeme iliyochoka au ruta iliyofichwa nyuma ya friji. Kwa hiyo jambo la kwanza si kutengeneza. Ni kutafuta mahali panapokatika.

SAFARI YENYE VITUO VITATU

Maneno "intaneti imekatika" yanakusanya mambo yasiyofanana. Baina ya kompyuta ya nyumbani na ukurasa unaosomwa kuna vipande vitatu vya safari. Kipande cha kwanza ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta iliyomo humo humo nyumbani. Cha pili kinatoka kwenye ruta hadi kwenye mitambo ya kampuni inayouza huduma, ama kwa waya wa shaba, ama kwa faiba, au, kama ilivyo katika nyumba nyingi za visiwani, kwa mawimbi ya simu kutoka mnarani hadi kwenye laini iliyotiwa ndani ya ruta. Cha tatu kinatoka kwa kampuni kwenda duniani, na sehemu kubwa ya kipande hicho imelala chini ya bahari.

Jina waifai linahusu kipande cha kwanza tu. Ndiyo maana inawezekana kabisa waifai ikawa nzima na intaneti isiwepo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na huduma ikazorota katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile mtu aliyehamisha ruta yake kutoka chumba hadi chumba alikuwa anafanya kazi ya bure, kwani ruta haikuwa na kosa lolote.

Kuna kipimo chepesi cha kutenga vipande hivi, nacho kimo ndani ya kila kompyuta. Katika kompyuta inayotumia Windows, mtumiaji afungue dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha aandike ipconfig na kubonyeza Enter. Miongoni mwa mistari itakayotokea umo ulioandikwa Default Gateway, na mbele yake pana anwani ya ruta kwa tarakimu, mathalan 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Baada ya hapo aandike ping -t na kufuatishia anwani ile. Kompyuta itaanza kuiita ruta mara moja kila sekunde, na kila ruta inapoitika mstari mpya utaandikwa pamoja na muda uliotumika kwa milisekunde. Kisha afungue dirisha la pili la amri, na humo aandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mtambo wa nje unaojulikana sana. Madirisha hayo mawili yawekwe ubavu kwa ubavu na yaachwe yaende huku kazi ikiendelea. Wito huo hauli kifurushi kwa kiasi cha kutia hofu. Kwa saa nzima hautumii hata megabaiti 1.

Intaneti itakapokatika, madirisha yatatoa ushahidi. Endapo yote mawili yamenyamaza kwa wakati mmoja, kosa limo ndani ya nyumba, baina ya kompyuta na ruta. Endapo ruta inaendelea kuitika ilhali dirisha la nje limenyamaza, waifai haina lawama na kosa limo katika kipande cha pili au cha tatu. Endapo yote mawili yanaitika vyema na bado kurasa hazifunguki, basi huduma inayobadilisha majina ya kurasa kuwa anwani za tarakimu ndiyo iliyolala. Hapo dawa yake ni kuandika katika mipangilio ya mtandao anwani za huduma nyingine ya majina, kama vile hiyo 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Yafaa pia kutazama muda wa majibu ya ruta. Ruta iliyo karibu huitika kwa milisekunde 1 hadi 5. Ikianza kuitika kwa 200, kisha 700, kisha ikanyamaza, mawimbi yanazibwa au yanagombaniwa.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi na hupuuzwa: kuunganisha kompyuta na ruta kwa kebo kwa muda wa siku moja. Ikiwa kwa kebo haikatiki kamwe, hapana haja ya kumpigia mtu yeyote simu.

KUTA, MABATI NA MAJIRANI

Ruta za nyumbani hutumia mawimbi ya redio ya masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa kiasi cha sentimita 12, na la pili kiasi cha sentimita 6. Wimbi refu hupenya ukuta vizuri zaidi na kufika mbali. Wimbi fupi hubeba mengi kwa kasi lakini huchoka upesi. Ruta nyingi hutoa yote mawili kwa jina moja, na kompyuta hujichagulia. Kompyuta iliyo chumba cha tatu inaweza kung'ang'ania gigahezi 5 mpaka ikaipoteza, ikahamia 2.4, na baada ya dakika chache ikajaribu kurudi. Kila inapohama, mazungumzo ya video husita au hukatika. Mwenye nyumba anayeona hali hiyo aingie katika mipangilio ya ruta na kuyapa masafa hayo majina mawili mbalimbali, kisha kompyuta ya mbali aiunganishe na lile la 2.4 pekee.

Nyumba za visiwani zina tabia zake. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevunyevu wa bahari na wa mvua, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio. Kuta mbili hutosha kuizima waifai ambayo katika nyumba ya matofali membamba ingevuka vyumba vinne. Hata hivyo nyumba hizo hizo zina neema yake. Nyingi zimezunguka ua ulio wazi katikati, na vyumba vyake vina milango na madirisha yanayoelekea uani. Mawimbi hupita kwenye uwazi kwa wepesi. Ruta iliyowekwa katika baraza ya ndani, mahali panapoonekana uani, huhudumia ghorofa mbili kuliko ile iliyofungiwa chumbani kwa kuogopewa kuibiwa.

Katika majumba ya ghorofa kama ya Michenzani na Kikwajuni, kizuizi ni saruji yenye nondo, na ziko nyumba nyingi juu, chini na ubavuni, kila moja na ruta yake. Katika nyumba za shamba zilizoezekwa kwa mabati, mawimbi hayapenyi bati hata kidogo. Hugonga na kurudi. Bati likiwa juu ya dari halidhuru sana, lakini jikoni au banda lililozungushiwa mabati ni sawa na sanduku lililofungwa. Tangi la maji, friji, kabati la chuma na kioo kikubwa cha kujitazamia hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi chake. Hata miili ya watu, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hunyonya mawimbi. Nyumba iliyojaa wageni wa harusi isitarajie waifai ya siku za kawaida, wala si kwa sababu ya simu zao pekee.

Basi ruta iwekwe juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama au zaidi, mahali palipo wazi, karibu na katikati ya nyumba. Isiwekwe sakafuni wala nyuma ya televisheni. Ikiwa ina antena za kusimama, ifahamike kwamba mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si nchani mwake. Antena iliyosimama wima huhudumia watu wa ghorofa moja nayo. Kwa mtu aliye ghorofa ya juu, antena moja ilazwe.

Ili kujua matokeo, mtumiaji aandike katika dirisha la amri netsh wlan show interfaces, na atazame mstari wa Signal. Asilimia 80 na kuendelea ni hali njema. Ikiwa chini ya 50, kukatika ni jambo la kutarajiwa, na hapana mpangilio wowote wa kompyuta utakaoziba upungufu huo. Kipimo hicho kirudiwe kila ruta inapohamishwa, kwani kuhamisha kwa mita moja tu kwaweza kubadili asilimia 20.

Ama kuhusu majirani, jambo hilo linahitaji kufahamika vyema kwa sababu ndilo linalowababaisha watu wa mjini. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli 13, lakini chaneli hizo zimepandana. Kila moja imeachana na mwenzake kwa megahezi 5, ilhali mazungumzo ya ruta moja yanahitaji megahezi 20. Matokeo yake ni kwamba chaneli 1, 6 na 11 ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila ya kuingiliana. Mtu anayechagua chaneli 3 akidhani amejiepusha na jirani wa 1 na jirani wa 6 amejiingiza baina ya wote wawili, na kelele zao zote atazipata yeye. Ziko programu za bure za simu zinazoonyesha ruta zote zilizo jirani na chaneli zake. Itazamwe ile iliyo na wachache kati ya hizo tatu, nayo ndiyo iwekwe. Upana wa chaneli katika masafa haya uwe megahezi 20. Wenye kuweka 40 wakitaka kasi hujidhuru na kuwadhuru jirani zao.

Masafa hayo ya 2.4 yanatumiwa pia na vifaa vya Bluetooth, kamera za ulinzi na jiko la maikrowevu, ambalo hufanya kazi katika gigahezi 2.45. Intaneti inayokatika kila chakula kinapopashwa moto haina siri nyingine. Liko na jambo lisilojulikana kwa wengi: vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje na kebo zake, hutoa kelele ya redio katika masafa haya haya. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hilo katika waraka wake wa mwaka 2012. Anayechomeka diski kwa ajili ya kuhifadhi nakala za kazi na kuona waifai inapotea, aihamishe upande wa pili wa kompyuta au atumie kebo ndefu zaidi.

Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, lakini ina sharti lake. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa kwa ushirika na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na ruta inalazimika kuondoka mara inaposikia rada. Ikihamia chaneli nyingine ya namna hiyo, hutakiwa kusikiliza kwanza kwa muda wa dakika 1 au zaidi kabla ya kutoa mawimbi. Kwa mtumiaji, hali hiyo huonekana kama waifai imekufa ghafla na kufufuka yenyewe. Chaneli 36 hadi 48 hazina sharti hilo.

UMEME

Hakuna mwananchi wa Unguja aliyekuwa mtu mzima mwaka 2008 anayehitaji kuelezwa maana ya umeme usiotabirika. Mwaka huo kisiwa kilikaa gizani kwa kiasi cha mwezi mmoja baada ya hitilafu katika njia ya umeme utokao Tanzania Bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hali hiyo ikarudi kwa muda mrefu zaidi. Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Lakini vifaa vidogo vya majumbani havihitaji giza la miezi mitatu ili viharibike. Umeme unaopanda na kushuka kwa nukta chache, pamoja na hewa ya chumvi, hutosha.

Adapta ya ruta, yaani kile kiboksi kinachochomekwa ukutani, hugeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 12 au pungufu. Inapochoka haifi kwa siku moja. Huendelea kuwasha taa za ruta, na kila mtu huamini kwamba ni nzima. Ila ruta inapopata kazi nyingi, mathalan watoto wanapotazama video wote pamoja, adapta hushindwa kutoa nguvu inayohitajika na ruta hujizima na kujiwasha. Dalili yake ni hii: intaneti hupotea kwa simu na kompyuta zote kwa pamoja, taa za ruta huzimika na kuwaka upya kwa utaratibu ule ule wa mwanzo, na huduma hurejea baada ya dakika 1 au 2. Adapta mpya ni rahisi sana kuliko ruta mpya. Anayeinunua asome maandishi yaliyo chini ya ruta: volti ziwe zile zile kabisa, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe pungufu. Adapta ya volti 12 ikitiwa katika ruta ya volti 5 huiunguza papo hapo.

Ruta hutumia umeme kidogo mno, na zipo madukani betri ndogo za kuhifadhi umeme zilizotengenezwa kwa ajili yake, ambazo huiweka hai kwa saa kadhaa umeme unapokatika. Kwa mtumishi anayetegemewa kujibu barua za kazi jioni, hicho ni kifaa chenye faida kuliko kuongeza kifurushi. Wakati wa radi kali, ruta na waya wake wa simu vichomolewe vyote viwili. Kuchomoa umeme na kuacha waya wa simu hakusaidii sana.

Joto nalo lisisahauliwe. Ruta iliyofunikwa kitambaa cha urembo ili isishike vumbi hupata moto, na inapopata moto hukatika. Kitambaa kiondolewe.

KOMPYUTA YENYEWE

Iwapo simu ya mkononi iliyo ubavuni mwa kompyuta inaendelea kupata intaneti ilhali kompyuta imekatika, kosa lisitafutwe penginepo. Sababu ya kwanza ya kuangaliwa ni ubanaji wa umeme. Kompyuta za kupakata huzima kifaa chake cha waifai ili kutunza betri, na baadhi yake hushindwa kukiamsha. Katika Windows, mtumiaji afungue Device Manager, atafute kifaa cha waifai chini ya Network adapters, afungue Properties zake, na katika ukurasa wa Power Management aondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Katika kompyuta nyingine ukurasa huo haupo. Hapo mpangilio wa umeme wa kompyuta nzima uwekwe katika hali ya nguvu kamili. Jambo hili moja limewaponya wengi waliokwisha kukata tamaa.

Sababu ya pili ni programu inayoendesha kifaa hicho cha waifai. Kukatika kulikoanza siku ile ile kompyuta ilipojisasisha kunaashiria programu mpya isiyopatana na kifaa. Device Manager ina kitufe cha kuirejesha ile ya zamani. Kinyume chake, kompyuta iliyokaa miaka bila ya kusasishwa huenda ikashindwa kupatana na ruta mpya inayotumia ulinzi wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Ruta iwekwe katika hali inayokubali WPA2 na WPA3 pamoja. Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilimaliza huduma zake za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kompyuta za zamani zina maradhi yanayojifanya kuwa ni ya intaneti. Betri ndogo ya duara iliyomo ndani, yenye ukubwa wa sarafu, ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma kwa miaka kila umeme unapozimwa. Kurasa zenye ulinzi, zikiwemo za benki na za Serikali, hukagua tarehe kabla ya kufunguka, na kwa kompyuta inayodhani kwamba bado ni mwaka 2009 zitakataa zote. Mtumiaji hulalamika kwamba intaneti haipo, ilhali kosa ni tarehe. Betri yenyewe, aghalabu ya aina ya CR2032, ni ya bei ndogo.

Anwani inayoanza kwa 169.254, ikionekana baada ya kuandika ipconfig, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta na haikupewa. Huenda ruta imefikia ukomo wake. Ruta ndogo za mfukoni aghalabu hupokea vifaa 10 tu, na katika nyumba yenye simu za wakubwa, simu za wadogo, televisheni na kamera, idadi hiyo hujaa kabla ya magharibi. Ikiwa miongoni mwao wamo watu wa nje waliowahi kupewa neno la siri, hapo ni pahali pa kulibadilisha. Nyumba ambayo mtumishi hufungua humo nyaraka za ofisi haifai kuwa na neno la siri linalojulikana mtaa mzima.

LAINI YA SIMU NDANI YA RUTA

Nyumba inayopata intaneti kwa laini ya simu ina redio mbili ndani ya kiboksi kimoja, na matakwa yao hugongana. Redio ya mnara inataka ruta iwe dirishani, upande wa mnara, na juu iwezekanavyo. Redio ya waifai inataka iwe katikati ya nyumba. Wengi hupatanisha kwa kuiweka baina ya huku na huko, na hukosa kote kuwili. Lililo bora ni kuipa mnara haki yake kwanza: ruta ibaki dirishani, kisha kebo ivutwe hadi kwenye kifaa cha pili cha waifai kilichowekwa katikati. Kebo ya aina hii huweza kufika mita 100 bila ya kupoteza chochote.

Anayetumia simu yake ya mkononi kuigawia kompyuta intaneti akumbuke kwamba simu nyingi hushusha kiwango cha mtandao wakati wa kuzungumza, na ikishuka hadi kizazi cha pili intaneti husimama mpaka mazungumzo yamalizike. Hilo huzuilika kwa kuwasha mpangilio wa kupiga simu kupitia mtandao wa 4G, ikiwa simu na kampuni vyote vinauruhusu. Pia simu hujizimia ugawaji huo baada ya dakika chache za ukimya. Na kabla ya yote atazame salio, kwani kifurushi kilichokwisha huacha alama ya waifai ikiwa imejaa kabisa. Windows hupakua masasisho yake kimya kimya. Katika mipangilio ya waifai upo uwezo wa kuitambulisha njia hiyo kuwa ni ya kupimwa, na kompyuta itajizuia.

KUWASILISHA MALALAMIKO

Iwapo uchunguzi umeonyesha kwamba ruta huitika daima na ni dirisha la nje linalonyamaza, mlalamikaji ana hoja mbele ya kampuni, na hoja hiyo iwasilishwe kwa maandishi. Aandike kwa siku 7 tarehe na saa ya kila kukatika, muda uliochukua, na kama taa za ruta zilibadilika. Aeleze wazi kwamba kipimo kilifanywa kwa kebo. Mhudumu wa simu humwambia kila mteja azime ruta na kuiwasha. Mteja mwenye orodha ya namna hii hupelekwa kwa mafundi mapema zaidi. Kukatika kunakotokea kila siku kuanzia saa 1 hadi saa 4 za usiku na kutulia alfajiri kunaonyesha mnara uliozidiwa na watumiaji, na hilo haliponyeshwi na ruta mpya hata ikiwa ni ya kampuni hiyo hiyo.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na mlalamikaji adai nambari ya kumbukumbu. Asiporidhika, mawasiliano ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kwa hiyo shauri lake hupokelewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar. Kampuni haina haja ya neno la siri la waifai ya mtu wala la barua zake ili kuchunguza mnara au faiba yake; anayepiga simu na kuyaomba, au kutaka aruhusiwe kuiendesha kompyuta kutoka mbali, asipewe, hata akijua jina la mteja na aina ya ruta aliyonayo.

Ruta ya zamani inayouzwa, kurejeshwa au kupewa jamaa ifutwe kwanza. Kwa nyuma ina tundu dogo lenye kitufe ndani yake. Kibonyezwe kwa njiti au ncha ya pini kwa sekunde 10 au zaidi ruta ikiwa imewashwa, mpaka taa zote zizimike na kuwaka upya, na laini ya simu iliyomo itolewe.